Wenyeji wa Mrima waelezwe vipimo vya udongo wao kwa lugha wanayoielewa

Nimefundisha isimu chuoni kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na katika muda huo nimeulizwa maswali mengi kuhusu maana ya maneno. Sikumbuki hata moja lililonikwamisha kama lile nililoulizwa miaka michache iliyopita na mzee mmoja wa Kwale, kusini mwa pwani yetu.

Nilikuwa nimealikwa na mwalimu wa shule moja ya upili, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, nizungumze na watahiniwa wake kuhusu uandishi wa insha. Shule yenyewe haiko mbali na mlima Mrima. Mazungumzo yalipokwisha, mwalimu huyo alinichukua hadi nyumbani kwa babu yake ili tuamkiane. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya madafu, mzee aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo tayari ilikuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo. Ilikuwa nakala ya ukurasa mmoja wa utafiti wa kisayansi, kwa Kiingereza kitupu, wenye jedwali la namba. Namba mojawapo ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, mjukuu wangu ananiambia wewe ni daktari wa maneno," alisema. "Hii ni namba ya udongo wetu. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Namba hii ni kubwa au ni ndogo?"

Namba ilikuwa 500.7. Juu ya safu yake paliandikwa thoriamu, na kizio chake kilikuwa bekereli kwa kila kilo ya udongo. Niliweza kumtafsiria mzee kila neno la ukurasa ule, toka juu hadi chini, na bado nisiweze kumjibu. Nilimwomba radhi, nikainakili namba ile katika daftari langu, na niliporudi chuoni nikaanza kuwasumbua wenzangu wa idara ya fizikia. Haya ninayoyaandika leo ndiyo niliyojifunza kwao, pamoja na hasira kidogo ambayo ni yangu mwenyewe.

Kwa msomaji asiyeufahamu, Mrima ni mlima mdogo wenye msitu mnene, nao ni miongoni mwa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wadigo na Wamijikenda wenzao. Chini ya msitu huo kuna mabaki ya volkano ya kale sana ya aina isiyo ya kawaida, ambayo uji wake wa mawe ulijaa kaboneti. Miamba ya namna hiyo hubeba madini adimu, na mvua ya maelfu kwa maelfu ya miaka ilipoiozesha na kuyachukua mawe yaliyoyeyuka upesi, yale mazito yalibaki nyuma katika udongo mwekundu wa juu: niobiamu, madini ambayo dunia nzima sasa inayatafuta kwa ajili ya sumaku na vifaa vya elektroniki, na pamoja nayo thoriamu. Wanajiolojia wamekuwa wakipanda mlima huo na nyundo zao tangu miaka ya 1950. Mnamo Machi 2013 kampuni moja ya kigeni ilipewa leseni ya kuchimba; mnamo Agosti mwaka huohuo serikali ikaifuta. Kesi ikapelekwa mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na mnamo Oktoba 2018 kampuni ikashindwa kwa sababu leseni ilipatikana bila kutimiza masharti ya sheria, likiwemo la kutathmini athari kwa mazingira. Wawindaji wengine wa madini hawajaacha kuutazama mlima huo tangu wakati huo.

Ieleweke basi tangu mwanzo kwamba thoriamu ya Mrima haikumwagwa na mtu. Haikuletwa na meli usiku wala haikuvuja kutoka kwenye mtambo. Ilikuwa pale kabla ya binadamu wa kwanza kukanyaga pwani hii, na nusu ya thoriamu yote iliyopo huhitaji miaka bilioni 14 ili igeuke kuwa kitu kingine. Uraniamu huhitaji bilioni 4.5. Kila udongo wa dunia hii una kiasi fulani cha vitu hivi viwili na cha potasiamu nururifu, ambayo imo pia katika ndizi tunazokula na katika misuli ya miili yetu. Kwa hivyo kuuliza kama udongo fulani una mionzi ni sawa na kuuliza kama bahari ina chumvi. Swali la maana ni lile la mzee: ni kiasi gani, na kiasi hicho ni kikubwa au ni kidogo?

Nilipoeleza kuwa nataka kujua jinsi kiasi hicho kinavyopatikana, mwenzangu mmoja alinipeleka katika maabara yake. Nilishangaa kuona kwamba kazi yake na yangu hazitofautiani sana. Udongo huchimbwa kutoka sehemu mbalimbali, hukaushwa katika joko hadi maji yote yatoke, husagwa, huchekechwa, kisha hutiwa ndani ya chombo na kufungwa kabisa, hewa isitoke. Halafu chombo huachwa wiki nne bila kuguswa. Nilidhani ni uzembe wa mafundi, kumbe ni hesabu. Ndani ya udongo mna radiamu, ambayo huzaa gesi iitwayo radoni. Gesi hiyo hupoteza nusu yake kila baada ya siku 3.8, nayo huzaa vitu vingine ambavyo ndivyo vinavyopimwa. Sharti familia yote ijae ndani ya chombo na kutulia ndipo hesabu iwe ya haki. Baada ya hapo chombo huwekwa ndani ya ngome ya risasi, karibu na fuwele ya germani iliyopozwa kwa naitrojeni majimaji, na mashine huachwa isikilize kwa saa nyingi.

Nimetumia neno kusikiliza kwa makusudi. Sisi wanafonetiki tunapotaka kujua irabu iliyotamkwa, tunachora picha ya sauti na kuangalia ni katika masafa gani nguvu imejikusanya. Irabu /i/ ina vilele vyake na /a/ ina vyake, na hakuna anayeweza kuzichanganya. Mionzi ya gama ni vivyo hivyo. Potasiamu nururifu hupiga kelele katika kilele kimoja, kwenye elektronivolti elfu 1,460. Mjukuu mmoja wa radiamu husikika kwenye 609, na mjukuu wa thoriamu kwenye 2,614, mbali kabisa na wenzake. Ukihesabu milio katika kila kilele, unajua katika kilo moja ya udongo ni atomi ngapi zinazovunjika kila sekunde. Kuvunjika kwa atomi moja katika sekunde moja ndiko kunakoitwa bekereli moja, kwa heshima ya Mfaransa Henri Becquerel aliyegundua jambo hili mwaka 1896.

Sasa turudi kwa namba ya mzee. Ukurasa wake ulitoka katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na wanasayansi wa Kenya wakiongozwa na J. M. Kebwaro. Walipima udongo wa Mrima na kandokando yake, wakapata kwa wastani takriban bekereli 500 za thoriamu, 207 za radiamu na 805 za potasiamu katika kila kilo. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia athari za mnururisho ilikadiria mwaka 2000 kwamba udongo wa kawaida duniani una kiasi cha bekereli 30 za thoriamu, 35 za uraniamu na 400 za potasiamu. Potasiamu ya Mrima basi ni maradufu, jambo dogo. Radiamu ni kama mara sita. Thoriamu ni zaidi ya mara kumi na tano.

Naam, mzee wangu, namba ni kubwa.

Lakini hapa ndipo penye mtego, na ndipo ninapoomba walimu wenzangu wanisikilize. Kubwa kuliko nini? Nimesoma habari kadhaa, za magazeti na za redio, zinazosema kuwa mionzi ya Mrima, au ya milima ya Homa na Ruri kule Nyanza ambako kuna volkano za aina hiyohiyo, "imevuka mpaka uliowekwa duniani". Mwandishi wa habari za namna hiyo huwa amechanganya maneno mawili ambayo hata mwanafunzi wa darasa la saba huyatenganisha: wastani na mpaka. Bekereli 30 ni wastani. Hakuna aliyeliwekea dongo la Mungu mpaka. Urefu wa wastani wa Mkenya si sheria, na anayeupita hajavunja chochote. Pia ipo namba nyingine inayotumiwa vibaya, milisiveti 1 kwa mwaka. Huo ni mpaka kweli, lakini ni mpaka wa kile ambacho mtambo, mgodi au hospitali inaruhusiwa kumwongezea raia juu ya kile alichopewa na maumbile. Haukuwekwa ili kupimia maumbile yenyewe. La sivyo takriban dunia nzima ingekuwa na hatia, kwa maana binadamu wa kawaida hupata milisiveti 2.4 kila mwaka kutokana na ardhi, anga, chakula na hewa.

Kebwaro na wenzake walikadiria kwamba mtu anayeshinda nje katika eneo walilolipima kwa asilimia 40 ya muda wake hupata kutokana na ardhi milisiveti 1.1 hivi kwa mwaka. Sehemu moja ni chini ya 0.2, sehemu nyingine inapita 4. Uchunguzi wa hospitali kwa mashine ya kuchanganua kifua kipande kwa kipande humpa mgonjwa kiasi cha 7 kwa dakika chache. Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa 20 kwa mwaka. Nilipomwuliza mwenzangu maana yake kwa afya, alichukua kipande cha karatasi akapiga hesabu. Milisiveti 1.1 kwa miaka 70 ni 77. Kwa kanuni ya Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mnururisho, siveti nzima, yaani milisiveti 1,000, huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa asilimia 5 hivi. Kwa hivyo 77 huongeza kama asilimia 0.4, au watu wanne katika kila 1,000. Akanionya papo hapo nisiende kijijini kuwahesabia watu makaburi kwa kanuni hiyo, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya kupanga kinga, na tume yenyewe imekataza itumiwe kutabiri vifo vya watu waliopata dozi ndogondogo. Kule Kerala, India, ambako ufuo una mchanga wa thoriamu, takriban watu 70,000 walifuatiliwa kwa miaka kumi na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonyesha ongezeko la saratani kutokana na mionzi ya ardhi. Hilo halithibitishi kwamba hakuna madhara kabisa. Linathibitisha kwamba, kama yapo, ni madogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi hata miongoni mwa watu wengi vile.

Hadi hapo mtu angeweza kumwambia mzee, lala usingizi. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kupanda basi na habari hiyo njema. Ni mwenzangu aliyenizuia kwa swali ambalo sikulitazamia: "Nyumba ya mzee imejengwa kwa nini?"

Nyumba ya mzee imejengwa kwa fito na udongo. Nilikuwa nimekaa ndani yake. Kiambaza kimekandikwa vizuri, laini, na udongo wake umechimbwa palepale nyuma ya jiko, kama ilivyo desturi katika vijiji vingi vya Kwale. Wanafizikia wana njia ya kuziunganisha namba tatu za udongo ziwe moja wanapotaka kujua kama unafaa kujengea: wanazidisha thoriamu kwa 1.43 na potasiamu kwa 0.077, kisha wanajumlisha na radiamu. Jibu lisizidi 370. Tulipoziingiza namba za wastani za Mrima tulipata 985. Huu, msomaji wangu, ni mpaka wala si wastani, na uliwekwa kwa ajili ya vifaa vya ujenzi. Udongo ambao si hoja kubwa chini ya unyayo wa mkulima unakuwa hoja ukiufanya kuta nne na kulala ndani yake.

Kuna na hewa. Radoni, ile gesi tuliyoifungia ndani ya chombo, haifungiwi na sakafu ya udongo. Hutoka ardhini ikaingia nyumbani, na watoto wake hunasa katika mapafu. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na linashauri hewa ya nyumba isizidi bekereli 100 katika kila mita ya ujazo, au ikishindikana isipite 300. Ushahidi wake si wa kubahatisha kama ule wa mionzi ya ardhini. Ulianza kwa wachimba madini wa uraniamu, na mwaka 2005 uchunguzi uliounganisha tafiti za nchi nyingi za Ulaya ulionyesha kwamba kila ongezeko la bekereli 100 huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa asilimia 16 hivi. Mvuta sigara, ambaye hatari yake ilikuwa kubwa tangu awali, ndiye anayeumia zaidi.

Tena palipo na thoriamu nyingi pana ndugu wa radoni, aitwaye thoroni. Huyu hupoteza nusu yake katika sekunde 56 tu, kwa hivyo hawezi kusafiri mbali. Thoroni iliyozaliwa chini sana ardhini hufa njiani. Ile inayomfikia mtu aghalabu ni ile inayotoka katika ngozi ya ukuta wenyewe, na huwa nyingi zaidi karibu na ukuta kuliko katikati ya chumba. Wapi hulala mtoto katika nyumba ndogo? Kitanda kimesukumwa hadi kwenye kiambaza ili nafasi ibaki. Uzuri wake ni kwamba udhaifu huohuo wa thoroni ndio dawa yake: ukuta ukipigwa lipu nzuri, gesi nyingi huishia ndani ya lipu kabla haijatoka. Na paa la makuti, ambalo siku hizi tunalidharau, huacha hewa ipite usiku kucha. Tunapobomoa na kujenga nyumba ya mawe yenye mabati na madirisha ya vioo yanayofungwa kwa ajili ya mbu na wezi, tunapata maendeleo na huenda tukaifungia radoni ndani pamoja nasi. Sisemi watu wasijenge. Nasema waambiwe waweke matundu ya hewa, na waambiwe kwa nini.

Lakini waambiwe kwa lugha ipi? Hapa narudi katika shamba langu. Nilipokwenda kwa mzee mara ya pili, alinisimulia baraza moja ambako wataalamu walikuja kuwaeleza wenyeji matokeo. Mkalimani aliyepewa kazi hiyo ghafla alipambana kadiri alivyoweza. Istilahi yenye maana ya mionzi iliyopo kiasili katika mazingira aliitafsiri kuwa "mionzi ya nyuma", na watu wakageuka kutazama nyuma yao. Kipimo cha unururifu wa udongo kilikuwa "shughuli za udongo", na bibi mmoja akauliza udongo una shughuli gani kuliko yeye. Watu wakacheka. Kisha likaja neno dozi, na kicheko kikaisha, kwa sababu kwa Mswahili dozi ni dawa ambayo daktari amekusihi uimalize. Mwishowe, alipoona haeleweki, mkalimani akakimbilia neno ambalo kila mtu analijua: sumu. Udongo wenu una sumu. Hilo ndilo lililofika nyumbani, na ndilo lililolala na watu.

Neno sumu halina kiasi. Sumu ni sumu, iwe tone au debe. Ukishalitumia, huwezi tena kuzungumza juu ya mara kumi na tano, wala juu ya ukuta na shamba, wala juu ya milisiveti 0.2 hapa na 4 pale. Lililobaki ni kukimbia au kukanusha. Na wenyeji, ambao hawakuzaliwa jana, waliligawa jambo hilo katika makundi mawili palepale barazani. Baadhi waliingiwa na hofu, wakaanza kukihesabu kila kifo cha ndani ya miaka ishirini kuwa ni cha mlima. Wengine, mzee akiwa mmoja wao, waliona hila. "Wanapotaka madini," aliniambia, "udongo hauna neno. Wanapotaka sisi tuhame, udongo una sumu." Sikuwa na la kumjibu. Historia ya leseni ile ilikuwa upande wake.

Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba maneno tunayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na wataalamu wa istilahi wamekwisha kutupa mnururisho, unururifu na nusumaisha. Kweli, maneno haya yana matatizo yake. Unururifu umetokana na nuru, na nuru kwetu ni jambo la heri. Watu humwita binti yao Nuru. Mzee alipolisikia alicheka, akauliza nuru imeanza lini kuua. Hata hivyo neno hujifunza maana yake kwa kutumiwa, kama lilivyojifunza neno umeme, ambalo kwa babu zetu lilikuwa la radi peke yake. Istilahi inayokaa kamusini miaka thelathini na zaidi bila kupelekwa baraza hata moja haiwezi kuzoeleka.

Mwalimu aliyenialika anafundisha mambo haya haya katika kidato cha nne. Wanafunzi wake wanajua kupiga hesabu ya nusumaisha, na wengi wanaipata sawasawa, kwa Kiingereza. Niliwauliza kama wanajua kwamba mfano bora wa somo lile uko mlimani nje ya dirisha lao. Walitazamana. Mmoja alisema alidhani vitu hivyo viko Urusi na Japani. Simlaumu, kitabu chake kinataja Chernobyl na Hiroshima, na mtihani hauulizi kuhusu Mrima.

Tatizo hili si la kukosa sheria. Katiba ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika Kifungu cha 35 imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kuwakinga Wakenya dhidi ya mnururisho wenye madhara. Lakini habari iliyoandikwa katika lugha asiyoisoma mtu, kwa vizio asivyovijua, bila kumwambia kama ni nyingi au kidogo, haijatolewa. Imefichwa hadharani. Na sisi wa vyuo vikuu ndio waficha wakuu. Mtafiti huchota udongo wa watu, huupeleka jijini, huandika makala, hupandishwa cheo; nakala moja ikirudi kijijini, hurudi kwa bahati, ndani ya mfuko wa mjukuu. Natoa shutuma hii nikijua kuwa inanihusu. Nimekwisha kurekodi masimulizi ya wazee wengi pwani, na sijui ni wangapi waliowahi kuona nilichoandika.

Nina pendekezo, nalo si la gharama kubwa. Kila utafiti wa mionzi unaofanywa Mrima, Homa, Lambwe au popote pengine usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka ukurasa mmoja wa Kiswahili umebandikwa kwa chifu na shuleni, ukieleza palipopimwa, kilichopatikana, udongo wa kawaida una kiasi gani, na mwenye nyumba afanye nini. Idara za fizikia na idara za Kiswahili ziko katika chuo kimoja. Mara nyingi zinatenganishwa na bustani tu. Mwandishi wa fizikia alete namba, sisi tulete maneno, na mwalimu wa kijijini akosoe yote mawili. Kabla ya leseni yoyote mpya ya uchimbaji kutolewa, nyumba za wenyeji zipimwe radoni na thoroni na matokeo yaandikwe, ili siku ya siku, vumbi la mgodi likija kulaumiwa au kusafishwa jina, pawepo namba ya awali ya kulinganishia. Bila namba hiyo, mwenye wakili mzuri ndiye atakayesema udongo ulikuwaje.

Nilimpelekea mzee jibu lake likiwa limeandikwa kwa mkono katika kurasa mbili. Aliyesoma ni mjukuu, polepole, na mzee alimsimamisha mara kadhaa. Alitaka kujua kama Kerala ni mbali kuliko Maskati. Alitaka kujua kama mihogo iliyopandwa kwenye udongo ule ina neno, nikamwambia kwamba katika dozi ya binadamu wa kawaida chakula huchangia kidogo kuliko hewa anayoivuta ndani ya nyumba. Alipofika kwenye habari ya kiambaza, aliinuka akaenda kukigusa kwa kiganja, akakaa kimya kwa muda.

"Kwa hiyo ukuta huu una ngapi?" akauliza.

Kifaa cha kujua hilo ni kikombe kidogo cha plastiki kinachoning'inizwa chumbani miezi mitatu hivi, kisha kinapelekwa maabara. Mwalimu ameandika barua mbili kuomba vikombe vya nyumba kumi, pamoja na vya bweni la wasichana. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa Kiingereza, kwamba ombi limepokelewa. Mzee amekwisha kuanza kupiga lipu chumba wanamolala wajukuu, kwa saruji anayonunua mfuko mmojammoja.